Vumbi la Sefu

Vijana wa garaji, mmenisumbua muda mrefu mkitaka niandike habari za kazi kabla sijazisahau. Hofu yenu haina msingi. Kusahau hakujawahi kuwa shida yangu. Shida yangu ni kinyume chake. Basi naandika, lakini msitegemee kusoma nilipandishwa cheo lini wala nililipwa kiasi gani. Nitawaambia juu ya barabara, juu ya mtu aliyenifundisha, na juu ya mtu mwingine ambaye sikuacha kumwonea wivu hata siku ya Noeli.

Nilizaliwa upande wa Kasongo, katika nyumba ya wakulima Wakristo. Tulilima mpunga kwa ajili yetu na pamba kwa ajili ya Bulamatari, serikali ya Wabeleji, ambayo haikutuuliza kama tunaipenda pamba. Nilisoma kwa mapadri mpaka nikaandika mwandiko mzuri, kisha baba akanipeleka kwa tajiri mmoja Mgiriki aliyenunua pamba na kuuza chumvi na vitambaa. Tajiri alikuwa na kamioni mbili na kibanda cha mabati nyuma ya duka. Kibanda hicho ndicho kilichoitwa garaji.

Bwana wa kibanda alikuwa Fundi Amisi, mtu wa Nyangwe, shoferi wa kwanza mweusi niliyemwona kwa macho yangu. Alivaa kofia nyeupe ya mviringo, na katika miaka yote niliyokaa naye sikuona tone la mafuta juu yake. Mimi nilikuwa na mafuta mpaka kwenye meno.

Siku niliyofika, kijana mwingine alifika pia. Jina lake Sefu, rika langu, mtoto wa Kasongo ya zamani, ile mitaa ya nyumba ndefu za udongo zenye baraza mbele na mlango wa mbao nzito. Babu yake alikuja na mabwana waliotoka pwani zamani, kabla ya Wabeleji. Sefu alisalimia kama mtu aliyefundishwa kusalimia tangu tumboni. Mimi nilisema "Bonzuru" kwa sauti kubwa mno, na tajiri akatoka dukani kuangalia kuna nini.

Fundi Amisi hakutuuliza tunajua nini. Alichukua manivele, kile chuma cha kuzungushia injini, akasema: "Kidole gumba kikae upande mmoja na wenzake. Kikijitenga, chuma kikirudi kitakivunja. Sefu, anza."

Sefu alivuta mara moja. Injini ikaitika kama mtu aliyeitwa jina lake. Ilipofika zamu yangu, kidole nilikiweka vizuri, lakini chuma kilirudi na nguvu zote za Ulaya na kifundo cha mkono kikavimba kama yai. Fundi alinifunga kwa kitambaa.

"Weye uko na mukono ya jembe," aliniambia. "Si mubaya. Kamioni inapenda mukono ya jembe."

Kisha akamgeukia Sefu. "Na weye uko na mukono ya mutu anayeandika."

Kati yetu wawili, aliyejua kuandika nilikuwa mimi.

Nitaeleza kidogo tulivyojifunza, kwa maana ninyi leo mna vifaa vya kila namna na bado mnalalamika. Fundi alikuwa na fimbo ya mti mgumu. Ncha moja aliiweka juu ya injini, nyingine kwenye mfupa nyuma ya sikio, akafumba macho na kusema ni pistoni ipi inayougua. Springi ikivunjika njiani, alifunga ngozi mbichi ya nyati. Ikikauka inabana kuliko chuma. Pine ya gurudumu ikipasuka na hakuna nyingine, tuliijaza majani mpaka ikawa ngumu, tukaenda polepole. Mbele ya kila daraja la magogo unateremka, unatembea juu yake kwa miguu yako, unaangalia kama kuna mti mpya kati ya ile ya zamani. Mti mpya katikati ya mizee maana yake mzee mmoja alianguka juzi, na ndugu zake wako njiani.

Sefu alielewa sauti ya fimbo ndani ya mwezi. Mimi nilihitaji majira mazima ya mvua. Lakini si hilo lililoniuma zaidi. Fundi na Sefu walikwenda msikitini pamoja, na nilikuwa nikiwaona wanarudi, wanatembea taratibu, wanazungumza na kucheka. Nilikuwa nawangoja na chuma baridi mkononi. Dini yao sikuitaka, nilikuwa na yangu. Nilichotaka ni yale mazungumzo ya kurudi. Hata Mama Zaina, mke wa Fundi, alipotupikia wali na samaki wa mto Lualaba, nilihesabu kwa macho nani kapewa kipande cha tumbo.

Tulikuwa tumeshakuwa mashoferi kamili, na tumeshasomba pamba njia ya Wamaza na Kabambare mpaka tunajua kila mtu aliyefuga mbwa mjinga barabarani, Musiye na Madamu walipofika. Walikuwa mume na mke kutoka Ubelgiji. Yeye bwana aliandika, yeye bibi alipiga picha. Walitaka kutengeneza kitabu kuhusu nchi ya kale na nchi mpya: waanzie Nyangwe, soko la zamani la mtoni, wapite Kasongo na Kabambare, wamalizie Bukavu, mji uliokuwa unajengwa kando ya ziwa kwa haraka kana kwamba mtu anafukuzwa. Tajiri wetu alikuwa amenunua gari dogo la rangi ya maziwa. Akawakodisha hilo, pamoja na kamioni ya mizigo.

Fundi ndiye aliyeamua. Sefu gari dogo, mimi kamioni.

Nilimfuata nyuma ya kibanda. "Fundi, kwa nini si miye?"

"Kwa sababu gari ndogo ikilala mu pori, wazungu watapanda kwako. Kamioni ikilala, safari imekwisha."

Yalikuwa maneno ya sifa. Sikuyasikia hivyo. Nilichosikia ni kwamba Sefu amepewa wazungu na mimi nimepewa masanduku.

Aliyewahi kuendesha nyuma ya gari jingine mwishoni mwa kiangazi anajua kilichonipata. Ukikaa karibu, huoni njia. Ukikaa mbali, vumbi linakungoja hewani kama mgeni asiyetaka kuondoka. Nilikula vumbi la Sefu asubuhi, nikala mchana, nikalitema jioni. Tukisimama kijijini, yeye alishuka na shati jeupe, akamfungulia Madamu mlango. Mimi nilishuka mwekundu kuanzia nywele hadi viatu, na watoto walikimbia.

Nyangwe tulifika soko likiwa limejaa. Wavuvi walikuwa wanatoa samaki kwenye mitumbwi, wanawake wanapanga mawese na chumvi, na Madamu alifurahi mno. Sefu aliwapeleka kwenye nyumba ambayo babu yake alikaa kabla ya kuhamia Kasongo. Kuta zilikuwa zimeliwa na mvua, lakini juu ya mlango kulikuwa bado na ubao uliochongwa maua na mistari ya Kurani. Sefu alisimama chini yake, akaeleza nani alichonga, mbao zilitoka msitu gani, misafara ilikuwa inaingia upande upi na pembe za ndovu. Alieleza vizuri. Hata mimi, niliyekuwa nimekasirika, nilijikuta namsogelea nisikie.

Madamu aliniona. Alijua Kiswahili kidogo cha kununulia mayai; mengine alitafsiriwa na Musiye. "Na wewe? Babu yako alijenga nyumba gani hapa?"

"Babu hakufika hapa, Madamu. Bibi yangu ndiye alipita hapa."

"A! Alikuja kununua?"

"Hapana. Alikuja kuuzwa."

Mwanamke mmoja aliyeuza ndizi aliacha kupunga nzi. Ilikuwa habari ya kweli: bibi mzaa baba alishikwa akiwa msichana, akafungwa kamba na wengine, akapitishwa soko lile kabla ya kutoroka na kurudi kwao. Alitusimulia mara moja tu, akiwa anachambua mchele, na hakuinua macho.

Madamu aliinua kamera kunielekea. Nikamwomba asinipige. Akaishusha, na nakubali kwamba aliishusha kwa heshima.

Sefu alinikuta nikimwaga maji kwenye rediata. "Umeniaibisha mbele ya wazee wangu."

"Nimesema uongo?"

"Sikusema umesema uongo. Nimesema umeniaibisha." Akaenda zake.

Tangu hapo hatukusemezana. Kasongo tulipita, Lusangi tulipita, Wamaza tukasimama kwa sababu Madamu alisikia ngoma. Ilikuwa ngoma ya mti, ile yenye mdomo mwembamba mgongoni, na mzee aliyeipiga, tulivyoambiwa baadaye, alikuwa anapeleka habari za msiba kwa Kibangubangu. Mimi na Sefu wote hatukijui Kibangubangu. Sefu akawaeleza wazungu maana ya kila pigo, bila kukwama hata mara moja. Musiye aliandika yote. Niliona wivu hata kwa uongo wake, ulivyokuwa laini.

Karibu na Kabambare kuna mto Luama. Wakati ule ulivukwa kwa mitumbwi mikubwa iliyofungwa pamoja na kutandikwa mbao juu, ikivutwa kwa kamba ya chuma. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha huko milimani na maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, yanakwenda kwa haraka. Mkuu wa kivuko aliangalia, akasema gari dogo liende peke yake na dereva, abiria wabaki. Wazungu wakabaki nami ukingoni. Sefu akapanda na gari.

Walikuwa wamefika katikati kamba ilipochomoka kwenye mti wake. Haikukatika, ilichomoka tu, kwa sauti ndogo. Mitumbwi ikageuka, ikaondoka na maji pamoja na wavutaji wanne na gari la rangi ya maziwa, Sefu ndani yake. Madamu alipiga kelele kwa lugha yake. Kwenye kona ya mto mitumbwi ilikwama juu ya mawe, ikainama, na magurudumu ya mbele ya gari yakatoka nje ya mbao. Sefu alikuwa amekanyaga breki. Akiondoa mguu, gari linaingia mtoni naye.

Sikuwaza. Niliwasha kamioni, nikaipitisha kwenye majani marefu kufuata ukingo, nikasikia masanduku ya Madamu yakigongana nyuma. Kwenye kona niligeuza nikatoa mnyororo. Mvutaji mmoja, kijana wa Kibangubangu ambaye jina lake sikulijua na hadi leo linanidai, aliogelea kuja kwangu na kamba nyembamba kinywani. Wenzake wakavuta nayo mnyororo, wakaufunga nyuma ya gari.

"Sefu!" nilipiga kelele. "Uachie breki nikisema!"

"Utasema lini?"

"Nikisema!"

Yalikuwa maneno ya kwanza tangu Nyangwe.

Niliweka gia ya kwanza. Mkono wa jembe ulifanya kazi yake. Ukivuta kwa pupa, mnyororo unakatika. Ukivuta kwa uvivu, magurudumu yanajichimbia kaburi. Nilisikiliza injini mpaka iliposhika mzigo, nikasema "Achia!" na gari likaanza kurudi kinyumenyume juu ya mbao, kidole kwa kidole, hadi magurudumu yote yakasimama sawa. Wavutaji wakaisukuma mitumbwi kwenye mawe kwa miti yao, na sisi tukavuta kila kitu ukingoni.

Ningependa kuwaambia kwamba saa ile wivu ulinitoka. Haukutoka. Ulishuka kidogo, kama abiria anayeshuka ili gari lipite daraja, kisha ukapanda tena. Kwa sababu Madamu, machozi yalipokauka, alimpandisha Sefu juu ya boneti, amelowa, anacheka, mto nyuma yake, na akampiga picha nyingi. "Gaspari, kuya!" Sefu aliniita. Mimi nilikuwa chini ya kamioni naangalia klachi. Nilipotoka, filamu ilikuwa imekwisha.

Alasiri ile, nguo zake zikiwa zimetundikwa kwenye kioo cha kamioni yangu, Sefu alikuja akakaa kwenye bati la mlango.

"Bibi yangu, mama yake na baba," alisema, "alinunuliwa hapa Kabambare. Babu alimununua kwa vitambaa, kisha akamuoa. Alikuwa mutoto wa wakulima, kama bibi yako. Kwetu hatusemi. Tunasema babu tu."

"Kwa nini unaniambia?"

"Kwa sababu ulinivuta."

Nilipaswa kumhurumia, na nilimhurumia. Lakini wazo langu lingine, lile lisiloomba ruhusa, lilikuwa hili: hata huzuni yangu anayo, na nyumba ya kuchongwa juu yake.

Tukavuka siku iliyofuata, tukapanda na kushuka milima mpaka ziwa Tanganyika, tukapita Uvira, tukaanza kupanda barabara ile ya ukingo wa mlima kwenda Bukavu. Ilikuwa nyembamba, ya upande mmoja kwa zamu: kuna kizuizi chini na kizuizi juu, wanaopanda wanangoja wanaoshuka wamalizike. Kushoto mwamba, kulia hewa. Hapo ndipo nilipojua kwamba napenda kazi yangu. Gia ya pili, mguu mwepesi, harufu ya injini iliyopata moto, na kamioni nzima inazungumza nawe kupitia makalio.

Bukavu tuliingia mchana. Ziwa lilikuwa chini, na ardhi imeingia majini kama vidole vya mkono. Nyumba nyeupe, maua, maduka yenye vioo virefu kuliko mtu, nguzo za taa zimesimama mstari kama wanafunzi wa mapadri. Kisha magurudumu yangu yakapanda juu ya lami. Nilidhani injini imezimika, jinsi kelele zilivyokwisha. Na mbele yangu, gari la Sefu lilikuwa linakwenda bila vumbi hata chembe. Ilinibidi nitafute jambo jingine la kumlaumu.

Tulifikia Kadutu, mtaa wa watu weusi juu ya kilima, kwa mtu wa Kasongo. Kule chini kwa wazungu tuliruhusiwa kufanya kazi mchana. Jua likizama ulihitaji karatasi ya ruhusa. Sefu hakujali. Kila asubuhi alishuka mjini na Madamu, akarudi ananihesabia vitu: duka la mikate tu, duka la saa tu, mtu anayelipwa kwa kukata majani ambayo hakuna mnyama anayeyala. Macho yake yalikuwa yanawaka. Nilijua anataka nini. Nilitaka hicho hicho, na nilijua nani atakipata.

Siku ya kuagana, Musiye alitupeleka kwa rafiki yake, mzungu mwenye kamioni kubwa za kusomba mizigo kati ya Bukavu na Uvira. Walizungumza Kifaransa kwa haraka. Sefu alisimama mbele, kofia mkononi, shati limepigwa pasi kwa makaa. Mimi nilikuwa nyuma. Mzungu yule alitutazama, akainua kidole, akakipitisha juu ya bega la Sefu.

"Yule," alisema. "Yule wa Luama."

Hawakuhitaji mtu wa kufungua mlango. Walihitaji mtu wa mlima.

Sefu aligeuka. Kwa mara ya kwanza niliona usoni kwake kitu nilichokuwa nakiona kila asubuhi kwenye kioo cha kamioni.

"Ni weye, ndugu yangu," alisema. "Jibu."

Nilijibu kabla hajafunga mdomo. Kamioni yetu ilirudishwa na mtu wa Kibombo aliyekuwa anatafuta njia ya kwenda kwao, na Sefu alirudi mbele yake na gari la rangi ya maziwa. Nilisimama Kadutu nikawatazama wakiteremka. Siku ile nilikula kama niko arusini.

Miaka niliyofanya kazi Bukavu ilikuwa mingi na mizuri, na kuhusu mlima ule nawaambia neno moja tu: breki ni ya kusimamia, gia ndiyo ya kushukia. Waliochanganya mambo hayo mawili nilisaidia kuwatoa bondeni, na hawakunisaidia kubeba. Nilimleta Veronika, mke wangu, kutoka misheni ya Kasongo. Tukapata watoto, wakazungumza Kimashi na watoto wa majirani, wakamsikia baba yao anazungumza Kizimba, lugha ya kwetu, usingizini na wakacheka. Jumapili nilivaa suruali ya mstari. Nilikuwa mtu wa mji.

Na wivu? Niliuona umegeuka, umenifuata kwa upande wa pili. Kila kamioni iliyotoka Maniema niliikimbilia. Swali langu la kwanza halikuwa juu ya mama yangu.

"Sefu iko namna gani?"

Sefu iko muzuri, waliniambia. Macho ya Fundi Amisi yameingia ukungu, sasa Sefu anamwongoza kwa mkono kwenda msikitini. Sefu amepewa garaji. Kule Wamaza watoto wanaijua honi yake, wanakimbia barabarani na ndizi. Sefu anafundisha vijana. Hao vijana ni ninyi, na sikuwa nawajua hata mmoja, lakini niliwachukia kwa muda wa kutosha.

Kisha siku moja, katika duka la vioo virefu, nilikiona kitabu cha Musiye na Madamu. Kilikuwa kimefunguliwa dirishani. Ukurasa wa kushoto ulikuwa na avenyu, barabara kuu ya Bukavu, na nguzo zake za taa. Ukurasa wa kulia alikuwa Sefu, juu ya boneti, amelowa, anacheka, Luama nyuma yake. Nilikaa pale mpaka polisi akaniuliza natafuta nini. Mimi niliishi mjini; yeye ndiye aliyewekwa dirishani. Pembeni kabisa ya picha kulikuwa na mnyororo, umekazwa, unatoka nje ya karatasi. Mwisho mwingine wa mnyororo ule haukuonekana.

Habari ya kifo cha Fundi ilinifikia ameshazikwa. Nilipata ruhusa, nikashuka na Veronika mpaka Kasongo. Mama Zaina alikuwa amekaa barazani na kanga nyeusi. Nililia kwake, na nilipomaliza nilikwenda garaji. Sefu alikuwa amesimama karibu na kamioni iliyofunguliwa tumbo. Nywele zake zilikuwa nyeupe pembeni, kama zangu.

Tulikaa juu ya pine. Nilimuuliza juu ya siku za mwisho za Fundi: alisema nini, alikula nini, nani alimwosha. Yeye hakutaka kujibu. Alitaka nimwambie juu ya mji. Taa ziko ngapi sasa? Ni kweli kuna sinema ya watu weusi? Ni kweli maji yanapanda yenyewe mpaka Kadutu? Nikawa namjibu neno moja, naye ananijibu neno moja, kama watu wanaobadilishana chumvi kwa kijiko.

Mwishoni nilimuuliza nililokwenda nalo. "Alinitaja?"

Sefu aliangalia chini. "Kila kamioni ikiingia kutoka upande wa Kabambare, alikuwa ananiambia ninyamaze. Anasikiliza injini. Kisha anasema, 'Hii si ya Gaspari.' Kila kamioni. Hata ile tulijua inaleta pamba ya Wamaza tu." Akapangusa mikono yake, ingawa haikuwa na mafuta. "Miye nilimushika mukono kila siku, kaka. Nilimupeleka, nilimurudisha. Na masikio yake yalikuwa kwako. Unajua iliniuma namna gani?"

Mama Zaina alikuwa ametuletea wali. Alisimama na sahani mbili, akatutazama mmoja baada ya mwingine.

"Ninyi wawili," alisema. "Kila mumoja anakula kwa macho sahani ya mwenzake. Na chakula kimepoa cha wote."

Tulicheka, tukala. Kwa siku zilizobaki za ruhusa yangu tulikuwa ndugu kabisa. Alinipa usukani mpaka Kabambare na kurudi, na watoto wa Wamaza walikimbia kwa ile honi, wakasimama walipoona ni mimi.

Mwaka huu nimestaafu. Nilikuwa nimeshajenga hapa Kasongo, nyumba yenye baraza, hatua chache kutoka garaji, kwa sababu nilikuwa na mpango: tuzeeke pamoja, mimi na Sefu, tubishane juu ya springi na ngozi ya nyati mpaka mmoja azike mwenzake. Nilishusha mizigo, nikaoga, nikavaa shati safi, nikaenda kwake. Mlango ulikuwa umefungwa kwa kufuli.

"Hukusikia?" aliniuliza jirani. "Mutoto wake wa kwanza ni karani Bukavu. Amekuya kumuchukua. Mulipishana kwenye njia."

Tulipishana kweli. Nakumbuka kamioni ile kwenye kivuko cha Luama, iliyokuwa inavuka upande wa pili. Mzee mmoja alikuwa amekaa mbele, ananipungia mkono, na mimi nilidhani ni mtu anayefukuza nzi.

Mama Zaina alipopata habari alicheka mpaka tukampa maji.

Juma lililopita shoferi mmoja kijana ameleta salamu. Anasema Sefu amepewa chumba chenye dirisha kwenye ziwa. Asubuhi anakunywa chai anatazama maji. Kisha anatembea hadi kizuizi cha juu cha mlima, anakaa na mashoferi wanaongoja zamu, na anawasimulia jinsi barabara ile ilivyokuwa zamani, kila kona, nani alianguka wapi. Wanampenda sana.

"Barabara ile?" nilisema. "Kabla ya mwaka huu aliipita mara moja kupanda na mara moja kushuka!"

"Sijui, baba. Lakini anaijua vizuri sana."

"Na iko na furaha?"

"Furaha sana, baba. Amesema nikuambie lami ni nzuri, haina vumbi."

Nilimshukuru kijana, nikampa ndizi za njiani. Kisha nikachukua ufagio, nikafagia uwanja ambao Veronika alikuwa ameufagia asubuhi ile ile, na aliponiuliza nina nini, nilimwambia ni vumbi.